Riviu ya mzazi: mkondo wa taaluma na mkondo wa ufundi sekondari ya juu, nimeitumia yote miwili

Niseme mapema ili tusipotezeane muda, mimi sio mwalimu wala sio mtu wa wizara, ni mama wa watoto watatu. Wa kwanza wa kiume alipita mkondo wa taaluma, wa pili wa kike akapita ufundi, fani ya umeme, na sasa hivi kitindamimba naye kaletewa fomu ya kuchagua, kwa hiyo nimekuwa mteja wa bidhaa zote mbili na naelekea kununua tena. Watu wanaandika riviu ya simu waliyokaa nayo wiki mbili, mimi hii biashara nimekaa nayo miaka, nadhani nina haki ya kusema.

Nyota kwanza maana najua wengine mnashuka moja kwa moja kwenye nyota. Taaluma tatu kati ya tano. Ufundi tatu na nusu. Ile huduma ya ushauri ya kuchagua mkondo, ambayo ndo ilitakiwa itusaidie kabla ya yote, moja, na hiyo moja ni kwa vile sifuri hairuhusiwi.

Tuanze na huo ushauri. Sisi tulitegemea mtu akae na mtoto amuulize unapenda nini, unaweza nini, unaogopa nini. Tulichopata ni mkutano ukumbini, spika inakwaruza, mwalimu mmoja anasoma slaidi kama zilivyo, alafu watoto wakagawiwa karatasi ya maswali, weka tiki unachokipenda. Ni zile testi zilizotokana na kazi ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuchapisha haya mambo 1959, anawagawa watu mafungu sita, kuna wa vitendo, wachunguzi, wasanii, watu wa watu, washawishi na wapanga mambo. Sina ugomvi na Holland, wazo lake zuri tu, na hata yeye hakusema mtu ni fungu moja, unatakiwa uangalie mafungu matatu yaliyokuja juu uyasome kwa pamoja. Wa kwetu walichukua la juu wakaliandika kwenye fomu, basi, wakafunga faili. Binti yangu ambaye anaweza kukatiza sebuleni mbele ya wageni kumi asimsalimie hata mmoja aliandikiwa "mtu wa watu". Tulicheka wiki nzima. Kumbe kila palipoandikwa napenda kusaidia wengine alitiki, alidhani asipotiki ataonekana ana roho mbaya.

Na pamoja na testi yote hiyo, mpango ulishapangwa, alama ndo zinaamua. Za juu taaluma, zilizobaki ufundi. Hapa ndo penye kidonda cha hii huduma nzima, maana ukishaufanya ufundi kuwa kapu la waliokosa basi hata aliyeupenda kwa moyo anaingia kichwa chini. Binti alikuwa na alama nzuri, na Hisabati alimzidi kaka yake kwa mbali, akajaza ufundi chaguo la kwanza, siku mbili baadae napigiwa simu na mwalimu, sauti ya pole kabisa, ananiuliza mama kuna tatizo lolote nyumbani? Nikamwambia tatizo lipo, swichi ya jikoni ina mwezi haifanyi kazi. Hakucheka.

Haya ya dharau sio ya kwetu tu lakini. Singapore wana taasisi yao ya ufundi inaitwa Institute of Technical Education, ilianzishwa 1992, watu wakawa wanazicheza zile herufi zake tatu, ITE, wakazipa maana ya "It's The End", yaani "huu ndo mwisho". Serikali yao haikujibu kwa mabango ya ufundi unalipa, walijenga kampasi kubwa tatu wakaweka vifaa vya kweli, mtu akiingia anaona mwenyewe. Nawapa pongezi kwa hilo, maana mtoto wa miaka kumi na tano hadanganyiki, ukimpeleka karakana yenye majiliwa mawili mabovu na ubao umeandikwa ufundi ni uti wa mgongo wa taifa, anajua kabisa umemweka wapi.

Haya, sasa bidhaa zenyewe.

MKONDO WA TAALUMA. Huu ndo alienda kijana wangu, Fizikia, Kemia na Hisabati. Kizuri chake kwanza nikiseme, unachelewesha uamuzi. Kwa mtoto ambaye hajijui bado, na wengi hawajijui, hiyo ni faida kubwa sana kuliko watu wanavyodhani, unamwachia milango mingi wazi kwa muda mrefu. Alijifunza kusoma kitu kirefu hadi mwisho, akajifunza kuandika hoja, mwalimu wake wa Hisabati alikuwa mtu wa maana kweli, anamkalisha mtoto na swali moja saa nzima hampi jibu. Hayo hayapotei.

Ila mabaya yapo na hakuna aliyetuambia. Huu mkondo ni tiketi ya kufika kituo cha katikati. Ukishuka pale lazima kuwe na gari lingine la kukubeba, chuo, diploma, chochote, gari lisipokuja umekwama stendi na begi lako. Kijana alipungukiwa alama chache tu kwa kozi aliyoitaka, akakaa nyumbani mwaka mzima. Akaenda kuomba kazi sehemu kadhaa, kila mahali swali ni lile lile, unajua kufanya nini? Cheti chake kinasema anajua mwendo wa vitu vinavyodondoka na jinsi asidi inavyokutana na besi. Akawa anarudi nyumbani kanyamaza. Niliumia, maana mtoto hakuwa mvivu, alisoma usiku na mchana miaka yote ile, ila bidhaa aliyouziwa ni nusu, nusu ya pili inauzwa duka lingine na foleni yake ndefu. Sasa hivi yuko chuo, kozi ambayo ilikuwa chaguo lake la tatu, anaipenda kiasi, tunashukuru.

Na ile maabara, jamani. Kwenye maelezo waliandika mafunzo kwa vitendo. Vitendo vyenyewe watoto kumi na wawili wamezunguka hadubini moja, wa mbele anaona, wa nyuma anasimuliwa. Nilimuuliza siku moja umeona nini leo, akanijibu kisogo cha mwenzangu. Nyota moja nimeitoa hapo.

Baba yao mpaka kesho anautetea huu mkondo, anasema hata kama ni nusu ndo nusu inayokupeleka kwenye mishahara. Na nisimdharau, hiyo hoja yake ina wenyewe. Philip Foster, mtafiti wa mambo ya elimu, aliandika 1965 kuhusu Ghana, wataalamu wa wakati huo walikuwa wanalalamika kwamba vijana wanakimbilia masomo ya darasani wanakataa kilimo na ufundi, wanasema ni tabia mbaya imerithiwa toka ukoloni, Foster akawaambia hawa vijana wanajua kuhesabu kuliko nyinyi, kazi zenye mshahara wa uhakika zinapatikana kwa kupitia masomo ya darasani, kwa hiyo kwao hayo masomo ndo ufundi wenyewe. Huwezi kubadilisha chaguo la mtoto kwa kubadilisha silabasi wakati huko nje mishahara iko pale pale ilipokuwa. Mimi nimeisoma hiyo hoja nikaona inanigusa, maana tunawalaumu sana wazazi kwamba wana tamaa ya ofisi, mzazi anaangalia jirani yake nani anaamka asubuhi ana uhakika wa mwisho wa mwezi, basi anaelekeza mtoto huko.

MKONDO WA UFUNDI, au amali wengine wanavyoita. Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wananiuliza sana, na ndo palinishangaza kwa mazuri na kwa mabaya.

Wiki ya kwanza alirudi kaudhika. Hawakugusa waya hata mmoja, ni usalama tu, namna ya kuzima mein swichi, kufunga kwa kufuli na kuning'iniza kibao ili mwingine asije akawasha wewe ukiwa ndani, namna ya kupima kwanza kwamba umeme kweli haupo kabla hujaweka mkono, na hicho kipimo nacho unakijaribu kwanza sehemu unayojua umeme upo, maana kipimo kibovu kitakwambia hakuna umeme kumbe upo. Yeye aliona ni kupoteza muda. Mimi nikasema moyoni hawa wanajua wanachofanya. Ukitaka kupima shule ya ufundi angalia wiki ya kwanza, wakiwapa watoto nyaya siku ya pili ili wazazi wafurahi, kimbia.

Baada ya hapo ikawa tofauti kabisa na kaka yake. Alipewa ubao wa mbao, paipu, soketi, holda, breka, akaambiwa funga taa moja iwashwe na kuzimwa sehemu mbili, ya chini ya ngazi na ya juu. Alifeli mara nne. Ya tano ikawaka. Mtoto huyu huyu asiyesalimia wageni alinipigia simu kunisimulia taa. Na Hisabati ghafla ikawa na kazi, voti sawa na ampea mara omu, kaka yake aliijua hiyo kanuni kwa moyo miaka yote, ila dada mtu alikuwa anaitumia kujua waya wa unene gani uende wapi ili usichemke ukutani, siku moja wakakaa mezani wakabishana hilo swala mpaka saa tano usiku, kaka ana kanuni dada ana waya, mimi nilikuwa nawasikiliza nikiwa chumbani nikafurahi sana.

Kasoro ndogo ndogo, ovaroli zilikuja saizi za kiume tu, buti za usalama hivyo hivyo, wasichana darasani walikuwa watatu na wote walitembea kama bata muhula mzima. Ni kitu kidogo lakini kinamwambia msichana hatukukutegemea hapa.

Sasa mafunzo kazini, yaani uanagenzi, hapa ndo bidhaa hii inapanda au inashuka. Sehemu ya kwanza aliyopelekwa alikaa wiki tatu anafagia na kutumwa fotokopi. Kitabu chake cha kumbukumbu, kile kinachotakiwa kijazwe kila siku amefanya nini na fundi anasaini, msimamizi alikisaini chote siku moja, kurasa zote, peni ile ile. Nikaenda shuleni nikakiweka mezani. Walimhamisha, nawapa hiyo sifa. Sehemu ya pili akakutana na fundi mkuu mmoja mzee, mkali, haongei, lakini alimpeleka juu ya dari na chini ya sakafu, akamwambia usiniulize jibu niulize kwa nini, na kitabu anajaza mwenyewe kwa mkono, "leo amekosea kufunga ethi (waya wa kwenda ardhini), amerudia, sawa". Mwezi mmoja na yule mzee ulikuwa na thamani kuliko muhula mzima darasani, hilo nasema bila kumuonea mtu.

Kwa hiyo mtu akikwambia mkondo wetu una mafunzo kazini, usiseme asante, uliza masaa mangapi na nani anakagua. Uingereza wana kozi ya ufundi ya sekondari ya juu inaitwa T Level, imeanza 2020, wanaihesabu sawa na A Level tatu, yaani masomo matatu ya taaluma, na ndani yake kuna sharti la kukaa kazini angalau masaa 315. Sisemi ndo bora duniani, nasema ni namba, unaweza kuishika ukadai. Ujerumani ndo wamezidi, kwenye mfumo wao wa pande mbili mwanagenzi yuko kwenye kampuni siku tatu au nne za wiki na shule siku moja au mbili, ana mkataba, analipwa posho, na inachukua miaka miwili mpaka mitatu na nusu kutegemea na fani. Ukilinganisha na wiki tatu za kufagia unaona tofauti ya kitu kinachoitwa jina moja.

Alimaliza. Akapata kazi kabla cheti hakijatoka, yule fundi mzee alimpigia mwenyewe. Kaka yake wakati huo bado yuko stendi. Nikasema hapa nimeshinda, nyota tano.

Nyota moja na nusu nimezitoa kwa sababu ya kilichofuata. Baada ya muda binti akataka kuendelea, uhandisi wa umeme, kitu ambacho kwa akili ya kawaida ungedhani yeye ndo wa kwanza kupokelewa, ameshashika nyaya mpaka vidole vina sugu. Chuo kikamwambia Hisabati uliyosoma wewe ni ya fani, haitoshi, na Fizikia huna kama somo linalojitegemea, nenda kasome kozi ya daraja kwanza, ya kuziba hilo pengo, alafu uje. Mimi nikakumbuka siku ile ukumbini, mama mmoja kwenye meza ya maelezo alituambia kwa tabasamu, milango yote itakuwa wazi, nilimuuliza mara mbili, akasema yote mama, usiwe na wasiwasi. Milango ilikuwa wazi kweli, ila ya kutokea.

Hapo ndo nikaanza kusoma wengine wanafanyaje, usiku, badala ya kulala. Na nikagundua kwamba swali tunalobishana kila siku majumbani, taaluma au ufundi, kuna nchi wameliacha zamani, wao wanabishana kuhusu mlango wa kupita katikati. Uswisi kwa mfano, kama theluthi mbili ya vijana wakimaliza elimu ya lazima wanaingia ufundi, sio waliofeli, theluthi mbili nzima, na 1994 waliweka cheti cha juu cha ufundi ambacho unaongeza masomo ya jumla juu ya fani yako na kinakuingiza vyuo vikuu vya sayansi tumizi, na ukitaka chuo kikuu cha kawaida kuna mtihani wa kuvukia. Finland ni rahisi zaidi kueleza, baada ya miaka tisa ya shule ya pamoja mtoto anachagua sekondari ya jumla au ya ufundi, na yoyote atakayochagua inampa haki ya kuomba elimu ya juu, na wapo wanaosoma zote mbili kwa mpigo. Ufaransa nao wana baccalauréat ya ufundi toka 1985, jina lile lile la mtihani mkubwa linaloheshimika, japo wenyewe wanakiri chuo kikuu kwa hao inakuwa mlima. Japani wana vyuo vinaitwa kosen, toka 1962, mtoto anaingia na miaka kumi na tano anakaa mitano, anatoka fundi aliyesoma nadharia ya kutosha na anaweza kuhamia chuo kikuu akiwa ameshavuka miaka ya mwanzo.

Unaona hapo? Kwenye hizo zote ufundi haujafanywa mtamu kwa maneno, umewekewa njia ya kurudi barabara kuu. Binti yangu alichagua vizuri kabisa, alichopungukiwa ni masomo mawili ambayo angeweza kuyasoma jioni kama mtu mmoja tu angemwambia mapema. Mawili tu!

Na Wajerumani niliowasifu pale juu nao wana lao, majimbo yao mengi yanaanza kuwatenganisha watoto baada ya darasa la nne, miaka kumi hivi, Berlin na Brandenburg wanangoja mpaka la sita. Miaka kumi mtoto anajua nini jamani, wangu alikuwa anataka kuwa dereva wa katapila.

Kuna jambo jingine la huu mkondo ambalo muuzaji hakuambii, nalo ni umri wake wa kukaa rafuni. Mwaka 2017 Eric Hanushek na wachumi wenzake walitoa utafiti wa nchi 11, wakaona waliosoma ufundi wanapata kazi mapema na kirahisi kuliko wa taaluma, ila umri ukienda ile faida inapungua na mwishoni inageuka, wa taaluma ndo wanabaki kazini, na inaonekana zaidi kwenye nchi zenye uanagenzi mwingi, Denmark, Ujerumani, Uswisi. Sababu wanayoitoa ni kwamba ujuzi wa kazi maalum unazeeka teknolojia ikibadilika, aliyejifunza kujifunza anahama. Nilimsomea binti, akanyamaza, alafu akaniambia mama, yule mzee ana miaka sitini na anafunga paneli za sola, alijifunza lini? Sikuwa na jibu. Nadhani alijifunza kwa sababu anauliza kwa nini, na hicho shule ilitakiwa iwafundishe wote, wa nyaya na wa asidi.

Baba yao naye akaleta ushahidi wake, maana nyumba hii sasa kila mtu mtafiti. Romania 1973 walibadilisha sera, vijana wengi waliokuwa waende ufundi wakabakizwa kwenye masomo ya jumla, na miaka mingi baadae wachumi wawili, Ofer Malamud na Cristian Pop-Eleches, wakawafuatilia, wakachapisha 2010. Waliobakizwa kwenye jumla wachache zaidi waliishia kazi za mikono, sawa, lakini kipato na kuwa kazini wakawa karibu sawa na wenzao. Baba yao alidhani ananipiga bao, nikamwambia umeona, jina la mkondo halikuwaongezea kitu mfukoni. Akasema mbona na wewe ufundi wako haukuwaongezea. Tukaishia hapo, chakula kilikuwa kinapoa.

Sasa kitindamimba. Alama zake za katikati, anapenda kuchora ramani za nyumba na anapenda kulala. Testi ilimwita msanii, hiyo angalau inaeleweka. Safari hii mimi siendi ukumbini kusikiliza slaidi, nimeenda karakana yenyewe siku ya kawaida, sio siku ya wazazi, maana siku ya wazazi hata mashine mbovu inapigwa rangi. Cha kuangalia ni vumbi. Mashine ya kukerezea yenye vumbi juu na nailoni yake bado haijatolewa, hiyo ni ya kupigia picha. Angalia chini kama kuna chembe za chuma na vumbi la mbao, hicho ndo kinaonyesha watoto wanafanya kazi. Hesabu majiliwa, gawanya na idadi ya wanafunzi. Muulize mwalimu wa fani mara ya mwisho kufanya hiyo kazi nje ya shule ni lini, wengine ni waungwana wazuri sana lakini waliacha kushika spana zamani mno. Na huku taaluma nako usiishie kuangalia matokeo ya mtihani kwenye bango, uliza waliomaliza mwaka juzi wako wapi, sio wale watatu wa kwanza, wale wa katikati, arobaini wale ambao hakuna anayewapiga picha. Ukiona wanababaika kujibu ujue wakishatoka getini hakuna anayewajua.

Kwa upande wa nani aende wapi mimi sina fomyula. Ila mtoto ambaye hajui anachotaka na ana uhakika wa kulipiwa chuo baadae, taaluma inamfaa, inamnunulia muda. Mtoto ambaye hamna uhakika huo nyumbani, fikirieni sana kabla hamjamnunulia nusu ya bidhaa, maana cheti cha fani kikiishia hapo hapo bado kina kazi, cha taaluma kikiishia hapo hapo kinakuwa karatasi. Na mtoto mwenye alama za juu anayetaka ufundi mwacheni jamani, msimpigie mama yake simu ya pole. Cha muhimu tu asome na yale masomo ya jumla yanayotakiwa na vyuo, pembeni, jioni, wikiendi, kokote, kabla hajahitaji.

Juzi Jumanne nimepiga simu shule aliyoipenda, ina mikondo yote miwili. Nimeuliza vitu vitatu. Mafunzo kazini ni masaa mangapi. Mwanafunzi wa ufundi anaruhusiwa kufanya mtihani wa Hisabati na Fizikia wa wale wa taaluma au hapana. Na akitaka kuhama mkondo, mwisho ni wiki ya ngapi. Dada wa mapokezi alikuwa mstaarabu sana, aliandika yote, alafu akaniambia mama kwa kweli wazazi wengine huwa wanauliza sare tu, nitamwambia mkuu wa ufundi akupigie leo leo. Leo ni Jumatatu. Akipiga nitarudi kuhariri nyota.